Kumtunza mteja wa mtandaoni ukiwa Mtwara: mwongozo kuanzia ujumbe wa kwanza hadi kazi ya kumi

Wengi wetu tunaofanya kazi za mtandaoni huku Kusini tunahangaika sana kumpata mteja wa kwanza, lakini hatuhangaiki vya kutosha kumfanya mteja huyo arudi. Mimi nafanya tafsiri na unukuzi wa sauti nikiwa Shangani, Mtwara mjini, na sehemu kubwa ya kipato changu hutoka kwa wateja wachache ambao hawajawahi kuniona na ambao, kila wanapokuwa na kazi ya Kiswahili, hawatafuti tena mtu mwingine. Mteja aliye ng'ambo haoni meza yako, hajui kama umeme umekatika, wala hawezi kuuliza majirani zako wewe ni mtu wa namna gani. Anachokijua juu yako ni maneno yako na mafaili yako tu. Kwa uzoefu wangu, wateja wanaobaki ni wale ambao habari za kazi yao, njema na mbaya, huzipata kwangu kabla hawajazigundua wenyewe, na hatua zote zilizo hapa chini zinahusu jambo hilo.

Hatua ya kwanza: jipime kabla ya kujinadi

Kabla hujamwahidi mtu chochote, unapaswa kujua unafanya kazi kwa kasi gani, na kasi hiyo uijue kwa kuipima. Kwa wiki mbili, andika kwenye daftari saa uliyoanza, saa uliyomaliza na kiasi ulichokamilisha. Kwa kawaida mnukuzi mzoefu huhitaji takriban saa 4 kwa saa 1 ya sauti safi, na mfasiri aliyeizoea mada yake hufikisha maneno 2,000 hadi 2,500 kwa siku. Hata hivyo, sauti iliyorekodiwa chini ya mkorosho, ambapo wazee watatu wanazungumza kwa pamoja na jogoo naye hataki kupitwa, ni kazi nyingine kabisa, na mimi hunichukua saa 7. Nilikuja kulijua hilo baada ya kuchelewesha kazi tatu mfululizo kwa sababu nilikuwa nikiahidi kwa kasi ya mtu mwingine.

Huku kwetu hakuna haja ya kueleza sana ubaya wa kipimo cha uongo, kwa kuwa kila aliyekulia kwenye korosho anaijua kangomba: mnunuzi wa kichochoroni anakuja na chombo kinachobeba zaidi ya kilo, anakihesabu kuwa kilo moja, na mkulima mwenye shida ya fedha anakubali huku roho inamuuma. Mtu anayemwandikia mteja kwamba ametumia saa 10 ilhali ametumia 6 anapiga kangomba. Anayeahidi Ijumaa huku akijua moyoni kwamba kazi itaisha Jumanne naye anapiga kangomba, ingawa mwenyewe hujihesabu kuwa mtu mwenye matumaini.

Hatua ya pili: ukague mzigo kabla ya kuupokea

Usikubali kazi ambayo hujaiona. Omba faili zima au, likiwa ni la siri, omba vipande vitatu, cha mwanzo, cha katikati na cha mwisho. Ninasisitiza cha katikati kwa sababu ndicho kilichoniponza.

Nilipewa mahojiano ya dakika 52 waliyofanyiwa wakulima wa korosho wa Newala. Nilisikiliza dakika tano za mwanzo, nikakuta Kiswahili kizuri, nikakubali bei na tarehe siku ileile. Mazungumzo yalipokolea, wazee wakahamia Kimakonde, wakawa wanakirudia Kiswahili pale tu muulizaji alipowakumbusha. Mimi ni Mmwera, na Kimakonde cha juu kule Newala nakisikia nusu nusu. Badala ya kusema hivyo, nilijaza mapengo kwa kukisia, nikaandika sentensi zilizoonekana laini na zenye mantiki, nikatuma kwa wakati. Sikujua kwamba katika timu ya mteja alikuwamo mtu mwenye asili ya Newala. Mteja hakugombana nami. Alinionyesha sehemu nne ambazo nilikuwa nimetunga, akalipa fedha yote, na hakuniandikia tena hadi leo. Ningependa angegombana.

Siku hizi nikikuta hali kama hiyo huandika mapema, na kwa Kiswahili ujumbe wangu ungesomeka hivi: "Nimesikiliza rekodi yako yote. Kati ya dakika 52, dakika 14 hivi ziko katika Kimakonde, lugha ambayo siimudu kiasi cha kuinukuu kwa uhakika. Ninaweza kunukuu sehemu za Kiswahili kwa bei tuliyozungumza, nikitoa hesabu ya dakika hizo 14, na kuweka alama ya muda mahali kila sehemu ya Kimakonde inapoanza na kuishia. Kama ungependa, nitakutafutia mzungumzaji wa lugha hiyo, nawe utapatana naye moja kwa moja." Zingatia kwamba ujumbe huo una kiasi, una mpaka na una njia ya kutokea. Mteja anayeambiwa tu kwamba kuna tatizo la lugha hubaki na wasiwasi, ila anayepewa hesabu hubaki na uamuzi wa kufanya, na wateja wengi hufurahia kupewa uamuzi.

Hatua ya tatu: andikeni makubaliano, hata yakiwa ya mistari sita

Huhitaji mkataba wa kurasa kumi kwa kazi ya dola 80. Unachohitaji ni ujumbe mmoja unaoeleza utakabidhi nini na katika muundo gani wa faili, lini, kwa bei gani, nani anabeba makato ya kutuma fedha, malipo yatafanyika baada ya siku ngapi, na marekebisho yatafanywa mara ngapi. Juu ya marekebisho, tenganisha waziwazi mambo mawili ambayo wageni wa kazi hii huyachanganya: kosa langu nalisahihisha bure hata baada ya mwaka, lakini mteja akibadilisha mawazo baada ya kazi kukamilika, mara ya kwanza ni bure na zinazofuata zinalipiwa. Mwombe ajibu kwa maneno kwamba amekubali, na ujumbe huo uuhifadhi mahali utakapouona. Waliosema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari hawakuwa wakiwaambia wenye maduka peke yao.

Jambo la saa linastahili aya yake, kwa sababu sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko na wateja wetu wengi wanazihesabu kuanzia usiku wa manane. Niliwahi kupanga mazungumzo ya simu na mteja wa Ujerumani, nikamwandikia kwa Kiingereza kwamba tukutane saa nne asubuhi ya kwangu, na kwa haraka nikaweka tarakimu 4 pamoja na alama yao ya asubuhi. Ilikuwa kiangazi, Ujerumani ikiwa nyuma yetu kwa saa moja, na kwa hiyo yule bwana aliamka saa tisa usiku ya kwao, akakaa mbele ya kompyuta yake akinisubiri huku mimi nimelala fofofo. Aliponiandikia alikuwa mpole kuliko nilivyostahili. Tangu hapo naandika kwa mfumo wa saa 24 na kutaja mji, yaani "10:00 ya Dar es Salaam", kisha naongeza saa hiyo ni ngapi mahali alipo yeye.

Kumbuka pia kwamba Tanzania haibadilishi saa lakini wenzetu wanabadilisha. London iko nyuma yetu kwa saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa kiangazi, na New York kwa saa 8 na saa 7. Uingereza hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, ilhali Marekani hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba, na kwa hiyo katika wiki chache za katikati hesabu uliyoikariri haifanyi kazi. Walio karibu na mto Ruvuma wana mtego wao wa ziada, kwa kuwa Msumbiji iko nyuma yetu kwa saa moja, na simu ikinasa mnara wa ng'ambo ya mto inaweza kujirudisha nyuma bila kukuuliza. Ukikesha na kazi ya kukabidhi alfajiri huko Kilambo, weka saa ya simu kwa mkono.

Hatua ya nne: habari mbaya itoke ikiwa bado mbichi

Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu, mvua ikakata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, na tarehe 12 ya mwezi huohuo hitilafu katika nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikaufanya mtandao wa intaneti Afrika Mashariki kuwa wa kukwamakwama. Nilikuwa na laini mbili za kampuni tofauti na nilidhani nimejikinga, lakini laini mbili hukulinda dhidi ya mnara mmoja kuzimika, hazikulindi pale bahari yenyewe inapokuwa na tatizo. Kilichonisaidia ni vitu vidogo: nilikuwa nimezoea kupakua sauti yote siku ninayopokea kazi, kwa hiyo niliendelea kunukuu bila intaneti, na maandishi matupu ni faili dogo ambalo hupita hata mtandao ukiwa wa kusuasua. Ujumbe wa tahadhari niliutuma asubuhi ileile nilipoona mambo yanakwenda kombo, kazi ikiwa bado na siku tatu.

Hizo siku tatu ndizo zenye thamani. Mteja anayejulishwa siku tatu kabla anaweza kumwomba bosi wake muda, kupanga upya mkutano au kugawa kazi. Anayejulishwa saa moja baada ya muda kupita hana la kufanya isipokuwa kukuona mbabaishaji. Kwa hiyo jiwekee kanuni kwamba ukifika nusu ya muda huku hujafika nusu ya kazi, mteja ataarifiwa siku hiyo. Ujumbe useme umefika wapi kwa namba, nini kimekwamisha kwa sentensi moja, tarehe mpya ni ipi, na nini unaweza kumtumia sasa hivi. Usitume hadithi ndefu ya umeme na mvua. Umeme hukatika kweli, na mteja anaweza kukuhurumia mara moja au mbili, lakini mara ya tatu atajiuliza kwa nini mtu anayejua kwamba umeme hukatika hakuchaji betri wala kutafuta mahali pengine pa kukaa. Kwa kazi ndefu zinazozidi wiki moja, tuma mistari mitatu kila Jumatatu na Alhamisi hata kama hakuna jipya.

Hatua ya tano: fedha zisemwe kwa uwazi

Aibu ya kutaja fedha inatugharimu sisi watu wa pwani kuliko tunavyokubali. Taja bei mapema, na itaje ukijua utabaki na nini. Fiverr, jukwaa la mtandaoni la kutafutia kazi, kwa mfano, hukata asilimia 20, na kwa hiyo kazi ya dola 100 inakuachia 80, kabla ya makato ya kuhamisha fedha na kuzibadilisha kuwa shilingi. Upwork, jukwaa jingine la namna hiyo, kwa kazi zenye bei moja ya kazi nzima badala ya kulipwa kwa saa, humpa mteja siku 14 za kukagua kazi uliyowasilisha kabla ya fedha kuachiwa zenyewe. Ukizijua kanuni hizi hutamsumbua mteja kwa ujumbe wa "vipi malipo" siku ya tatu, wala hutapanga ada ya shule kwa fedha ambayo bado iko njiani.

Kuna kishawishi ambacho lazima nikiseme kwa jina lake. Mteja uliyempata Upwork akikupenda, mmoja wenu atapendekeza mhamie pembeni ili kukwepa makato. Kanuni ya jukwaa hilo inawataka mlipane ndani yake kwa miaka 2 tangu mlipoanza kufanya kazi pamoja, isipokuwa mteja alipe ada ya kutoka. Mimi hukataa, na sababu yangu si woga wa kufungiwa akaunti peke yake. Mtu anayeona unavunja makubaliano uliyoyatia sahihi na mwingine ili kuokoa dola kumi anajifunza kitu juu yako, hata kama siku hiyo anacheka na wewe.

Kwa mteja wa moja kwa moja, omba malipo ya awali, kati ya theluthi na nusu, na utume ankara siku unayokabidhi kazi. Ankara iwe na namba, tarehe, maelezo ya kazi kwa kiasi (dakika, maneno au saa), na tarehe ya mwisho ya kulipa. Kama kazi ilihesabiwa kwa saa na ukaimaliza mapema, andika saa halisi. Nimewahi kupunguza ankara kutoka saa 12 zilizokubaliwa hadi 9, nikaeleza kwamba sauti ilikuwa safi kuliko nilivyotarajia. Mteja wa hapa nchini, awe mnunuzi wa ufuta Lindi au asasi ya Masasi, mwandikie ankara kwa shilingi, kwa sababu kanuni za mwaka 2025 zinakataza kupanga na kulipa bei za ndani kwa fedha za kigeni.

Hatua ya sita: siri za watu na akili mnemba

Mahojiano unayonukuu yana sauti za watu waliotaja madeni yao, magonjwa yao na majina ya watoto wao. Usiyaache kwenye kompyuta ya kukodi, usimwonyeshe rafiki, na kubaliana na mteja siku ya kuyafuta. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na wateja wa Umoja wa Ulaya wanabanwa na kanuni yao tangu Mei 2018, kwa hiyo swali lako juu ya kufuta mafaili halitawashangaza.

Juu ya akili mnemba (AI), uliza kabla ya kutumia. Wapo wateja wanaoruhusu rasimu ya mashine mradi binadamu apitie kila sentensi, na wapo wasiotaka sauti za wanakijiji zipakiwe kwenye huduma yoyote ya nje. Ukiruhusiwa, bei nayo ifuate, kwa kuwa haiwezekani kutoza kazi ya siku nzima wakati rasimu imetoka kwa dakika kumi. Nisingependa kudharau mashine hizi, ila Kiswahili cha Mtwara vijijini bado kinazishinda mara nyingi, na hapo ndipo unapopata sababu ya kulipwa.

Hatua ya saba: kosa lako ulitangaze mwenyewe

Nikitafsiri ripoti ya korosho, nilifika mahali panapoeleza kwamba Novemba 2018 Serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, nami nikachapa 3,030. Niliigundua namba hiyo siku mbili baada ya kukabidhi, na mteja alikuwa ameshalipa na kushukuru. Nilimwandikia palepale nikitaja ukurasa, mstari, namba yenye kosa na namba sahihi, nikaambatisha faili lililosahihishwa, na nikamweleza kwamba nimezilinganisha upya namba zote za ripoti na hakuna nyingine iliyokosewa. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa, ilhali mteja akiona kosa moja, hofu yake ni mengine ambayo hayajaonekana. Usirefushe maneno ya kuomba radhi. Sentensi moja inatosha.

Hatua ya nane: mfanye akurudie bila kumlazimisha

Kwa kila mteja nina faili la faharasa. Humo naandika jinsi anavyotaka istilahi zake ziandikwe: kama ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, autafsiri kwa jina la kitaalamu au la kawaida, kama AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) iachwe ilivyo, kama mabibo yaelezwe kuwa ni tunda au bidhaa, na kama anataka uraka, yaani kinywaji cha mabibo, ufafanuliwe kwa tanbihi au uachwe. Baada ya kazi ya tatu faharasa hiyo huwa na maneno mia na zaidi, na mimi humtumia mteja nakala bila kumtoza. Rafiki zangu huniambia najiharibia, kwamba sasa anaweza kuipeleka kwa mfasiri wa bei rahisi. Anaweza, na hadi sasa waliopewa hawajafanya hivyo.

Bei ikihitaji kupanda, toa taarifa mwezi mmoja kabla, isiguse kazi ambazo tayari mmekubaliana, na utaje bei ya zamani na mpya kwa pamoja. Pia mweleze mapema majira ambayo hutapatikana. Nyumbani kwetu tuna mikorosho, na kuanzia Septemba naondoka mjini mara kwa mara kwenda kuokota. Wateja wangu wanaijua kalenda hiyo tangu Julai, na wawili kati yao wamezoea kunitumia kazi nzito mwezi Agosti.

Ikitokea kazi inagongana na msimu, nakabidhi kwa mwenzangu wa Lindi, na hilo nalifanya kwa utaratibu mmoja. Kwanza namwomba mteja ruhusa ya kumtaja mtu huyo na kumpa mafaili. Akikubali, namtumia mwenzangu faharasa, makubaliano na mfano wa kazi mbili zilizopita. Kisha nawaunganisha wote wawili katika barua pepe moja, nikieleza nani anawajibika kwa ubora na nani analipwa. Mwaka jana mteja mmoja alinijibu kwa mstari mmoja tu, akiuliza kama mwenzangu huyo anaifahamu pia rekodi ya Nachingwea tuliyoanza Juni, na kwa kuwa nilikuwa nimeiweka kwenye mafaili ya kukabidhi, nilimjibu nikiwa shambani kwamba ameshaanza kuisikiliza, kuanzia katikati.